Nimekauka tangu nihamie Pemba: niombe uhamisho nirudi bara?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni muuguzi, nina miaka 34, nilihamia Wete mwaka juzi kutoka Mwanza. Kule nilikuwa mwanakwaya, na kila mwisho wa mwezi tulikuwa na mkesha, nilikuwa natoka pale nimejaa. Huku Jumapili tukiwa wengi tunafika ishirini, mchungaji anakuja mara mojamoja, kinanda hatuna. Nikitoka zamu nasikiliza mahubiri kwenye simu mpaka bando linakwisha, lakini hakuna kinachoingia. Nikifungua Biblia naona maneno tu. Jirani zangu ni Waislamu, watu wema sana. Nawasikia wanavyoamka alfajiri kusali, na mimi niliyeokoka nimejifunika shuka. Tena nyumba tumegawana ukuta, nikisali kwa sauti wananisikia, kwa hiyo nasali kimoyomoyo, na kimoyomoyo nasinzia. Je, nimeupoteza uwepo wa Mungu? Nirudi bara nikahuishwe?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na kazi.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja ambacho hukukiandika: unalala kwa saa ngapi? Mkesha umenieleza, kwaya umenieleza, hata bando umenieleza, lakini zamu umeipitia kwa neno moja tu. Muuguzi anayetoka wodini asubuhi, akafua, akapika, akalala saa tatu za mchana wenye joto, kisha akafungua Biblia na kuona maneno tu, huyo sithubutu kumwambia ana tatizo la kiroho kabla sijamwambia akalale.

Wala sisemi hivi ili kukubembeleza. Msome nabii Eliya katika 1 Wafalme 19. Ametoka mlima Karmeli, moto umeshuka mbele ya umati wa watu, halafu muda si mrefu yuko jangwani chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Malaika alipomjia hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ale, na pale kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa makaani na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili akampa na sababu: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Ndipo zikafuata siku arobaini za kwenda Horebu, na huko Horebu ndiko ilikosikika ile sauti ndogo ya utulivu. Sisi wahubiri tunaipenda mno ile sauti. Mkate na usingizi tunaviruka.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa tiba, hili nitalisema mara moja tu. Ikiwa huzuni imekukalia kwa wiki kadhaa, chakula hakina ladha, na huoni sababu ya kuamka, hiyo yaweza kuwa sonona. Nenda kamwone daktari, kama ambavyo ungemwambia mgonjwa wako. Kumeza dawa si kukosa imani.

Sasa huo ukavu. Unauliza kama umempoteza Mungu. Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania wa karne ya 16, mtu aliyefungwa na watawa wenzake kwa miezi katika chumba kidogo cha giza huko Toledo, alitupa alama za kupambanua moyo uliopoa na moyo unaopitishwa ukavuni. Mojawapo ni hii: aliyepoa hana habari kwamba amepoa. Hajali. Yule mwingine anaumia, anajiona anarudi nyuma, analia kwamba hamtumikii Mungu. Mwanangu, waliopoa hawaniandikii barua.

Kuhusu uhamisho nataka nikae kidogo, maana hapo ndipo naona hatari. Jangwani Misri, katika karne ya 4, aliishi mmonaki aitwaye Evagrius, aliyefariki mwaka 399. Aliandika juu ya pepo wa uchovu wa kiroho, ambaye wenyewe walimwita akedia, au pepo wa adhuhuri. Anasema huyo humvamia mmonaki kuanzia saa nne mpaka saa nane. Jua linakuwa kama limesimama, siku inakuwa kama ina saa hamsini. Mtu anachungulia dirishani, anatoka nje kuangalia jua, bado kiasi gani ifike saa tisa, saa ya kula. Kisha anaanza kupachukia mahali alipo. Anaona ndugu zake hawana upendo tena. Anakumbuka watu wake wa zamani. Anawaza jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kumpendeza Mungu mahali pengine. (Saa hizo nimeziandika kama alivyozihesabu yeye. Wazungu wakitafsiri inabidi wapige hesabu, sisi saa yetu ni ileile ya wamonaki hao.) Dawa yake kubwa ilikuwa moja: usihame wakati pepo huyo yupo mlangoni.

Sikukatazi kuhama. Kama mama yako anaumwa Mwanza, omba uhamisho hata kesho. Kama umepata mchumba huko, Mungu awabariki, na mimi mniletee kadi. Lakini kama unahama kwa kuwa Mungu yuko bara na Pemba hayupo, utavuka bahari na ukavu wako utakuwa ndani ya begi. Mtunga zaburi aliuliza, "Niende wapi niukimbie uso wako?" Swali hilo lina upande wa pili: ikiwa hakuna pa kumkimbia, hakuna pia pa kwenda kumfuata.

Tazama neno alilotumia hapo. Uso. Siku hizi makanisani tunasema "uwepo", na tunalisema kama watu wa hali ya hewa: uwepo umeshuka, uwepo ulikuwa mzito, leo uwepo haukuwepo (nimelisikia hilo kwa masikio yangu). Ukifungua Biblia yetu ya mwaka 1952, ile ambayo wengi bado tunaisoma, pale ambapo ungetegemea kukuta uwepo mara nyingi utakuta uso, kwa sababu ndivyo Kiebrania chenyewe kinavyosema. Musa aliambiwa, "Uso wangu utakwenda pamoja nawe, nami nitakupa raha." Daudi alilia, "Usinitenge na uso wako." Mvua unaingojea ishuke, na isiposhuka unasema mwaka huu kuna ukame. Uso unauelekea. Rafiki yako akiwa amekaa nawe barazani, hasemi kitu, na wewe umeinamia simu, humwoni, lakini hajaondoka.

Simaanishi kwamba mikesha ile ya Mwanza ilikuwa bure. Mimi mwenyewe nina usiku mmoja wa mkesha ambao mpaka leo naushukuru. Ila ngoma, kinanda na watu mia tano wakiimba kwa pamoja vinampandisha mtu yeyote, hata asiyeamini. Mungu anaweza kuingia kwa mlango huo, ni wake. Shida inakuja pale tunapodhani kwamba mlango ukifungwa na yeye kafungiwa nje. (Wale wanaouza mafuta ya chupa ya kurudisha uwepo, nitawaandikia siku nyingine, nikiwa na hasira vizuri.)

Nije kwenye neno lako, kuhuishwa. Zaburi ya 23 umeijua tangu Jumapili skuli, basi isome polepole, sikiliza vitenzi tu: hunilaza, huniongoza, hunihuisha. "Hunihuisha nafsi yangu." Watafsiri wangeweza kuandika "alinihuisha" tukabaki na ushuhuda wa siku moja, au "atanihuisha" tukabaki na ahadi. Wakaandika hu-. Na wewe unayeongea Kiswahili tangu utoto unajua hu- ni ya nini. Jua huchomoza. Maji hujaa na kupwa. Mvuvi wa Wete huenda baharini. Ni jambo linalotokea tena na tena, mara nyingi bila mtu kulitangaza. Paulo anasema vivyo hivyo kwa Wakorintho, kwamba utu wa nje unachakaa lakini wa ndani "unafanywa upya siku kwa siku". Mazuri yote ya barua yako yameandikwa kwa li-: nilikuwa, tulikuwa. Unataka li- nyingine, kubwa, usiku mmoja. Ikija, mshukuru Mungu. Lakini anayekulisha hukulisha kwa hu-.

Hili sikulisoma chuoni. Kuna mwaka nilikauka mimi, na nilikuwa mchungaji mwenye kanzu na mimbari. Miongoni mwa kazi zangu wakati ule ilikuwa kuwatembeza wageni katika Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, mjini Unguja. Maneno nilikuwa nayo kama kasuku: hapa palikuwa soko la watumwa, likafungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sultani Barghash baada ya kubanwa na Waingereza, kanisa likaanza kujengwa mwaka huohuo, altare iko palepale penye nguzo waliyofungwa watu wakichapwa viboko, ndiyo duara hili la marumaru mnaloliona sakafuni, na Askofu Edward Steere aliyelisimamia alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare. Kisha nawapeleka kuziona zile nguzo ambazo inasimuliwa mafundi walizisimamisha kichwa chini Steere alipokuwa hayupo, wanacheka, wanapiga picha, tunaagana.

Alasiri moja mtoto wa miaka tisa hivi aliniuliza, wakati mama yake anatafuta chenji: "Walipokuwa wanalia hapa, Mungu alikuwa wapi?" Nilifungua mdomo nikakuta hakuna kitu. Wageni walipoondoka nilikaa kwenye benchi la mbele nikitazama lile duara. Ungependa nikuambie kwamba nililia, au kwamba nilisikia sauti. Hapana. Nilikaa, popo mmoja akapita, nikasikia daladala nje zinapiga honi, nikaenda zangu nyumbani. Kesho yake nilirudi nikakaa tena. Swali la mtoto sikulipatia jibu la kusema, ila nilianza kuona kwamba ninaliulizia mbele ya msalaba, si mbele ya ukuta. Nilirudi hivyo muda wa miezi saba au minane. Siku moja, nikiwa nasoma somo katika Sala ya Jioni, niligundua kwamba nayasikia ninayoyasoma. Sikuweza kusema ilianza lini.

Kwa hiyo ninachokupa ni kidogo, na usikidharau kwa udogo wake.

Kwanza, hiyo sala ya alfajiri ya jirani unayoionea haya. Usiione haya, itumie. Kusali kwa saa zilizopangwa si jambo geni kwetu. Danieli alipiga magoti mara tatu kila siku, madirisha yake yamefunguliwa kuelekea Yerusalemu. Zaburi ya 55 inasema, "Jioni, asubuhi, na adhuhuri nitalalama na kuugua." Petro alikuwa darini akisali saa sita alipopata yale maono ya Yafa. Na Matendo 3 inaanza na Petro na Yohana wakikwea kwenda hekaluni "saa ya kusali, saa tisa", saa yako wewe, hiyohiyo ya mchana, karibu na wakati jirani yako anatia udhu wa alasiri. Chagua saa moja tu. Nakupendekezea hiyo tisa, kwa sababu ndiyo saa ambayo Bwana wetu alilia msalabani, na kwa sababu ukiwa wodini au nyumbani utakuwa macho. Simama, useme "Bwana, niko mbele ya uso wako," useme na Baba Yetu, urudi kazini. Dakika mbili. Usiongeze ya pili mpaka ya kwanza imekuwa hu-.

Halafu jioni. Msimu wa karafuu ukifika, pita mitaa ya huko uangalie watu wanavyochambua barazani. Kishada kinashikwa mkono mmoja, kinabanwa kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinaangukia huku, makonyo, vile vijiti vyake, yanakwenda kule. Wanazungumza, wanacheka, mikono haisimami, rundo linapungua. Siku yako ichambue namna hiyo kabla ya kulala. Usiihukumu kwa jumla ukasema leo nilikuwa mbaya, leo nilikuwa mzuri. Ichukue kishada kwa kishada: yule mama aliyejifungua salama, huku. Nilivyomfokea mhudumu, kule. Jirani alivyoniletea mkate wa kumimina, huku. Na uliza kila mara: hapa uso wa Bwana ulikuwa wapi, nami niliangalia wapi? Makonyo nayo Wapemba hawayatupi, wanayaanika mbali, yanauzwa, yanakamuliwa mafuta. Vile vya "kule" mpe Mungu hivyohivyo, ndiyo toba yenyewe.

Simu. Mahubiri ya kila siku punguza yawe moja kwa wiki. Ukimsikiliza mtu akimsifia baba yako tangu asubuhi mpaka jioni bado hujazungumza na baba yako. Bando litakalobaki mpigie mama.

Kanisa lenu la watu ishirini unalisimulia kama adhabu. Mimi nimehudumu mahali ambapo tulikuwa saba na mbuzi mmoja mlangoni, na nakuambia ishirini ni wengi. Mahali pa watu mia tano unaweza kukauka mwaka mzima hakuna anayejua. Kwenye ishirini, usipokuja wanakufuata nyumbani. Tafuta mmoja kati yao, mwanamke mwenye umri na kifua cha kutunza siri, umwambie haya uliyoniambia mimi. Mchungaji anapokuja na Meza ya Bwana ipo, badilisha zamu na mwenzako ufike, hata ukiwa husikii chochote. Mkate haukuulizi unajisikiaje. Na Jumapili ambazo hakuna wa kuhubiri, msiwe mnatawanyika mapema kwa aibu. Kisiwa hichohicho, mwishoni mwa karne ya 19, wakati utumwa unapigwa marufuku, walifika wamisionari wa Marafiki, wale wanaoitwa pia Wakweka, ambao kwa desturi yao ya asili ibada ni kukaa pamoja kimya wakimngojea Mungu mpaka mmoja aguswe aseme, au asiwepo wa kusema. Wekeni dakika kumi za namna hiyo kabla ya wimbo wa kwanza. Dakika tatu za mwanzo mtakohoa. Vumilieni.

Mafungo pia, yaani kujitenga ukasali na kupumzika, ni mazuri, mara moja au mbili kwa mwaka. Yesu aliwaambia wanafunzi, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo," na Marko anatupa sababu, kwamba watu walikuwa wakija na kwenda hata nafasi ya kula hawakuwa nayo. Zamu ya wodini hiyo, kabisa. Ukipata likizo panda boti uje Unguja, ukae Mbweni siku mbili, kwenye kanisa la kale la Mtakatifu Yohane, ambapo wamisionari waliwapa makazi watumwa waliokombolewa. Ulete Zaburi na kanga ya kujifunika. Mengine acha Wete.

Nimebakiza jambo moja ambalo naamini ndilo kubwa, na wewe umelitaja kama dogo. Uliniambia ulikuwa mwanakwaya. Hukuniambia mahali popote kwamba sasa unaimba. Kinanda hamna, lakini koo unalo. Neno la Kiebrania ambalo Zaburi ya 23 inaliita nafsi lina maana ya koo pia, mahali pa pumzi na kiu. Muda wote huu umekuwa ukisikiliza wengine wakiimba na kuomba kwenye simu, na sala yako umeifungia kifuani ambako kuna joto na giza. Kwa nini isisinzie? Jumapili ijayo, usingoje kuombwa, anzisha wewe wimbo. Na nyumbani soma zaburi moja kila asubuhi kwa sauti ya kawaida, ile unayomsomea mgonjwa maelezo ya dawa. Anza na ya 63, kisha 42, kisha 23, na urudi tena 63.

Jirani atasikia, ndiyo. Na wewe humsikia yeye kila alfajiri.